Barua ya wazi kwa waliotuuzia simu yenye ramani isiyokuwamo

Kwa: Mkurugenzi Mkuu wa kampuni iliyotengeneza simu yangu; msambazaji wake hapa Tanzania; na wenye dhamana ya kumlinda mnunuzi.

YAH: PROGRAMU YA KUONGOZA NJIA

Ndugu wakuu,

Jina la kampuni yenu sitalitaja. Nikilitaja mtampa wakili kazi ya kunijibu, na mimi sitafuti wakili, natafuta fundi. Wenye simu kama yangu watajua ni ipi kabla hawajafika aya ya tatu.

Mimi napeleka mizigo kwa pikipiki hapa Dar es Salaam. Maduka ya Kariakoo yanayouza mtandaoni hunikabidhi vifurushi asubuhi, navifunga kwenye boksi la nyuma, navisambaza Kinyerezi, Goba, Chanika, Mbagala, Bunju, popote mteja alipo. Vitendea kazi vyangu ni viwili, pikipiki na simu. Pikipiki ikisumbua nina pa kwenda. Simu imesumbua, na baada ya kuzungushwa kila mahali nimebaki na barua hii.

Nilipokwenda mtaa wa Aggrey kununua simu sikuulizia kamera wala rangi. Nilitaka simu inayokaa na chaji na yenye ramani inayofanya kazi bila bando, kwa sababu bando lina desturi ya kuisha mtu akiwa katikati ya safari, na mtandao wenyewe ukishaingia ndani ndani huko Chanika una mambo yake. Boksi lenu limeandikwa ubavuni, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: GPS, ramani za bila intaneti, maelekezo kwa sauti. Muuzaji akaongeza ya kwake: "Hii, kaka, inakupeleka mpaka mlangoni." Muuzaji simlaumu. Kazi ya muuzaji wa Kariakoo ni kusifia. Nililoliamini ni boksi, maana limechapwa kiwandani na aliyelichapa alikuwa na muda wa kufikiri.

Kwenye skrini kulikuwa na alama ya dira. Ukiibonyeza, inakuomba upakue ramani ya nchi yako. Orodha ya nchi inafunguka, Tanzania imo, na bendera yake, na ukubwa wa faili. Ukibonyeza kupakua, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanakuja maneno: huduma hii haipatikani katika eneo lako kwa sasa. Hilo "kwa sasa" lilinipa moyo, nikawa nasubiri. Baadaye likaja sasisho la mfumo, nikalipokea kwa bando langu mwenyewe nikijua ndiyo dawa imefika. Simu ilipowaka, alama ya dira haikuwepo. Hakuna ujumbe, hakuna maelezo. Mlimaliza tatizo kwa kuondoa kitufe.

Mtasema si apakue programu nyingine. Simu yenu haikuja na duka kubwa la programu ambalo kila mtu analijua, ina duka lenu wenyewe. Nimelitafuta ramani duka hilo kwa maneno yote ninayoyajua. Linaleta michezo ya mbio za magari, programu ya kupima mwinuko na dira ya kibla. Dira ya kibla inafanya kazi vizuri, niseme haki.

Nikaenda kituo cha huduma. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu zake, akanikaribisha kiti, akaichukua simu, akabonyeza namba fulani na nyota zake, ikafunguka skrini ya majaribio. Miraba ya kijani imepanda juu, kila mmoja na namba ya satelaiti yake, na chini yake latitudo na longitudo. "Kaka, GPS yako nzima kabisa." Nikamwambia hilo najua, naulizia ramani. "Ramani siyo kifaa, ni softweya. Softweya ni ya makao makuu." Makao makuu napataje? Akaniandikia anwani ya barua pepe nyuma ya karatasi ya foleni. Barua pepe ikajijibu yenyewe papo hapo, kwa Kiingereza, kwamba maoni yangu yana thamani kubwa kwao. Namba ya huduma kwa wateja nayo, baada ya muziki mrefu, ikanielekeza nirudi kituo cha huduma. Akufukuzaye hakwambii toka.

Naomba nisimame kidogo kwenye ile miraba ya kijani, maana hapo ndipo wanunuzi wengi tunapochezewa. GPS ni mfumo wa satelaiti wa Marekani. Satelaiti hizo ziko angani umbali wa kilomita 20,200 hivi, kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, na simu ikizisikia nne au zaidi inapiga hesabu na kujua yenyewe iko wapi. Hakuna anayelipia. Warusi wana GLONASS, Ulaya ina Galileo, Wachina wana BeiDou, na zote mtu anazipokea bila kutoa senti. Kwa hiyo mnapochapa "GPS" kwenye boksi mnatangaza kipande kidogo cha ndani ya simu na mbingu ambayo si yenu. Kitokacho huko juu ni namba tu. Nikiwa Goba simu yangu inajua iko nyuzi 6.7 kusini na 39.1 mashariki, basi. Kwamba mbele kuna korongo, kwamba barabara ile imekatwa, kwamba uchochoro huu unatokea kule na ule hautokei, hayo yanatoka kwenye ramani na kwenye programu inayoisoma. Simu yangu inajua iko wapi, haijui pale ni wapi.

Na hata hicho kipande chenyewe kinahitaji mtu wa kukitunza. Satelaiti ya GPS hutuma taarifa zake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Ratiba nzima ya satelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa kutoka angani. Ndiyo maana simu za kisasa huomba msaada wa haraka kwa intaneti, kwenye seva ambayo mtengenezaji ndiye aliyeipanga. Seva ikiachwa bila mwenyewe, simu inabaki inaangalia mawingu. Halafu kuna hesabu ya wiki. Mfumo wa zamani wa GPS huhesabu wiki mpaka 1,024 kisha unaanza upya sifuri. Hilo lilitokea tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa ambavyo watengenezaji wake hawakuvisasisha vilijikuta vimerudi nyuma karibu miaka 20. Litatokea tena Novemba 2038. Kwa hiyo kijana wenu asifundishwe kusema kwamba GPS ni kifaa, na kifaa kikishapimwa kikaonekana kizima basi kampuni imemaliza kazi yake.

Sasa niwaeleze maana ya haya barabarani. Nimepewa gauni la sendofu lipelekwe Kinyerezi. Jua linazama. Bibi harusi mtarajiwa hapokei simu, na nani angepokea simu saa hiyo akiwa kwa msusi. Amenitumia lokesheni. Kwenye simu yenu lokesheni hiyo inafunguka kama mraba wa kijivu, katikati nukta ya bluu, pembeni pini nyekundu. Katikati ya nukta na pini hakuna barabara, hakuna daraja, hakuna nyumba hata moja. Kwa kipimo cha macho nimebakiza kama kilomita moja. Nikafuata pini kwa kukisia, nikaishia kwenye ukingo wa bonde, pini iko ng'ambo, taa za nyumba naziona, njia siioni. Nikampata mdogo wake kwa namba nyingine. "Kaka, njoo mpaka kwa Mangi, ukifika hapo ulizia." Aliyewahi kupeleka mzigo Dar es Salaam anajua kwamba kila mtaa una duka la Mangi, na pembeni ya kila Mangi kuna mtu wa chipsi. Nilizunguka kwa Mangi wa kwanza, wa pili, mpaka nikampata Mangi mwenyewe. Gauni lilifika magari yameshaondoka kwenda ukumbini. Maneno niliyoambiwa pale getini siyaandiki. Duka likanikata pesa ya usafiri, na mteja akaenda kuandika ya kwake kwenye ukurasa wa duka, na picha ya gauni likiwa bado ndani ya nailoni.

Mtaniuliza mbona zamani mlikuwa mnauliza watu. Tunauliza mpaka leo. Jiji hili limejengwa kwa kuelekezana: Sinza kwa Remmy, Tegeta kwa Ndevu, Kimara Stop Over, Tabata Dampo. Lakini saa tatu usiku, Mbagala ya ndani, kugongea watu mageti ukiwa na helmeti kichwani si salama kwa anayegonga wala kwa anayegongewa. Na kama jibu ni kuuliza watu, maneno ya "maelekezo kwa sauti" mngeyaacha yasichapwe.

Sikubali pia hoja kwamba simu ya bei ya chini haiwezi kubeba mambo haya. Tarehe 21 Januari 2010 Nokia ilitangaza kwamba ramani zake za Ovi, pamoja na maelekezo ya sauti kwa mwenye gari na kwa mwenda kwa miguu, zitakuwa bure kwenye simu zake kadhaa, katika nchi 74 na kwa lugha 46. Unaingiza ramani mapema kwa kompyuta, unaondoka, intaneti huihitaji. Mojawapo ya simu hizo, Nokia 5800, ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya megabaiti 128. Simu yenu ina mara nyingi zaidi ya hizo na inashindwa kunionyesha Kinyerezi. Nokia hawakuwa watu wa sadaka: mwaka 2008 walikuwa wameinunua kampuni ya ramani ya Navteq kwa dola karibu bilioni 8.1, na Google ilikuwa imeanza kutoa maelekezo ya njia bure miezi michache kabla ya tangazo lao. Walielewa tu kwamba simu isiyojua njia haitauzika tena.

Na kama ni kukosea, wamekosea wakubwa kuliko nyinyi. Septemba 2012 Apple iliziondoa ramani za Google kwenye iPhone ikaweka za kwake, zikawa na makosa ya kuchekesha na ya kutisha. Mfumo huo ulitoka tarehe 19. Tarehe 28 Tim Cook alitoa barua kwa jina lake mwenyewe, akaomba radhi, na akawashauri wateja watumie ramani za washindani wake, akiwataja, wakati Apple inarekebisha za kwake. Apple siisifii, simu zao siziwezi bei. Nasema tu kwamba kule mkubwa wa kampuni alijitokeza akasema tumeharibu. Kwenu hata tangazo la mstari mmoja halijatoka, na kitufe kimeondolewa kimyakimya.

Lakini kinachonikera kuliko yote ni lile neno "eneo lako". Ramani mnayosema haipatikani katika eneo langu imechorwa na watu wa eneo langu. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi wa mitaa walipita kata zinazopata mafuriko, uchochoro kwa uchochoro, wakichora mifereji, nyumba, njia na vivuko. Kazi hiyo iliingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya wote iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo hata kampuni ya biashara inaruhusiwa kuitumia bila kulipia, alimradi itaje ilikotoka na iheshimu masharti ya leseni. Zipo programu zilizojengwa juu yake, OsmAnd na Organic Maps, zinazopakua ramani ya Tanzania na kufanya kazi bila bando. Kwa maana hiyo ramani ipo, bure ni bure, na waliotembea kwenye matope kuichora si wafanyakazi wenu. Kilichobaki kwenu ni kuiweka.

Serikali nayo ilifanya sehemu yake. Mwaka 2022, kuelekea Sensa, operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima: mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba, na ikawepo programu ya NaPA ya kuzitafutia anwani hizo. Leo mteja anaweza kunitajia mtaa na namba ya nyumba, jambo ambalo zamani tulikuwa tunaliona kwenye filamu. Ananitajia, nami namshukuru, halafu namuuliza ni karibu na kwa Mangi yupi.

Aliyeniokoa kidogo ni fundi wangu pale Kariakoo. Aliniwekea programu mojawapo kwa faili aliyokuwa nayo kwenye memori kadi, kwa elfu tano na soda. Inafanya kazi, ila mfumo wenu unaiona kama mwizi wa chaji. Skrini ikizimika tu, inauliwa, na sauti ya kunielekeza inakatika katikati ya mzunguko wa barabara. Nikiiacha skrini iwake muda wote, betri haifiki jioni. Fundi alizunguka kwenye mipangilio akaipa ruhusa ya kudumu. Sasisho lililofuata likaifuta ruhusa hiyo. Kwa hiyo huduma kwa wateja ya kampuni yenu, yenye majengo na magari yenye nembo, hivi sasa inafanywa na kijana mwenye meza moja na taa ya mezani, ambaye hamjawahi kumpa hata karatasi ya maelekezo.

Wenye dhamana, sasa nawageukia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima. Tulikuwa tunabonyeza *#06#, tunatuma IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, tunasubiri jibu moyo ukidunda. Simu yangu ya leo haina tatizo hilo. Ni halisi, imeingia kwa njia halali, risiti ya EFD ninayo. Ila uhalisi wa namba haumsaidii mnunuzi kama maneno yaliyo ubavuni mwa boksi hayapimwi na mtu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Naomba maneno ya boksi yahesabiwe kuwa ni sehemu ya bidhaa: kampuni ikiandika ramani za bila intaneti, kabla simu haijaingia sokoni mtu mmoja aiwashe hapa hapa Dar es Salaam na kubonyeza kupakua. Ni kazi ya dakika chache.

Wenzetu wameanza. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kusema wazi simu yake itapewa masasisho ya usalama mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka masasisho ya mfumo yaendelee walau miaka 5 baada ya toleo hilo la simu kuacha kuingizwa sokoni. Najua hayo ni ya usalama na ya mfumo, ramani haimo. Lakini yameshaweka msingi kwamba aliyeuza simu bado ana deni kwa aliyeinunua. Sioni kwa nini kiwanda kinachoweza kumwandikia Mwingereza tarehe ya mwisho ya huduma kishindwe kumwandikia Mtanzania, tena kwa Kiswahili.

Ndugu Mkurugenzi, ninachoomba kwako si kikubwa. Toa faili ya ramani ya Tanzania na programu ya kuisoma, iwekwe kwenye kila kituo chenu cha huduma, mtu aje na simu yake aondoke nayo imekamilika bila kuambiwa habari za makao makuu. Kama mkataba wenu na mwenye ramani umeisha, sema umeisha. Tutaudhika lakini tutajua. Ile tabia ya mfumo kuua programu ya njia skrini ikizimika irekebishwe, maana hilo ni lenu peke yenu na halihusiani na mkataba wowote. Kwenye maboksi ambayo bado yako madukani bandikeni karatasi juu ya yale maneno, kuanzia kesho. Na aliyenunua kwa ajili ya ramani, mwenye boksi na risiti, akitaka kurudisha simu, apokelewe arudishiwe pesa yake.

Ndugu msambazaji, wewe uko hapa hapa mjini, tunapishana kwenye foleni za Nyerere. Kituo chako kimpe kila anayelalamika namba ya lalamiko iliyoandikwa na jina la aliyelipokea. Kwa sasa tunaondoka na tabasamu la mapokezi tu, na ukirudi wiki inayofuata unaanza hadithi upya kwa mtu mwingine. Kijana yule wa mapokezi msimwadhibu, alinieleza ukweli kadiri alivyoruhusiwa.

Mkiwa na jibu, litoeni hadharani kama nilivyofanya mimi, kwa sababu wanaolisubiri ni wengi na si wote wanaosoma Kiingereza cha barua pepe zinazojijibu. Nitasubiri mwezi mmoja. Baada ya hapo boksi, risiti na picha za ile skrini nitavipeleka Tume ya Ushindani, na nitawaomba wenzangu wa vijiwe vya Kariakoo wenye simu kama hii waje na vya kwao.

Wasalaam,

Msafirishaji wa mizigo kwa pikipiki,
Kariakoo, Dar es Salaam